Paketi Moja Imebaki Nyuma

Watu wa ofisi wameandika katika ripoti yao kwamba orodha yetu "ilivamiwa". Hilo neno silipendi. Mvamizi anavunja mlango, na huyu wetu hakuvunja kitu. Mlango niliuacha wazi mimi, na Alhamisi tatu mfululizo nilipita mbele yake, nikauona, nikaenda zangu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu. Mtu ambaye ningemwambia ni yaya wangu, dada yangu mkubwa, na yaya ndiye niliyekuwa namtafuta kwenye hiyo orodha.

Tulipotezana siku ya soko, kwetu Kivu ya Kusini, risasi zilipoanza. Yeye alishika mkono wa mama wakashuka upande wa ziwa. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi, nikapanda na watu wa mlimani. Habari ya mama ilinifikia baadaye, hapa kambi ya Nakivale, Uganda, ikiwa imepita midomo ya watu watano: alifariki. Ya yaya haikufika. Wala kwamba amekufa, wala kwamba yuko.

Nina diploma ya serikali ya sekondari. Iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro na haijawahi kuniletea hata sahani ya maharage. Kazi niliipata kwa mafunzo ya kompyuta ya miezi sita ambayo shirika moja lilifungua hapa kambini. Tulianza darasa limejaa. Wanaume waliacha mmoja mmoja walipoona hakuna simu za bure. Nilibaki mimi na tumbo langu. Mtoto alizaliwa wiki mbili baada ya mtihani. Baba yake alisema anaenda Oruchinga kuangalia shamba. Oruchinga ni kambi ya jirani, mtu anaenda asubuhi anarudi jioni. Mtoto sasa ana meno manne.

Basi, orodha. Ni ukurasa kwenye mtandao ambapo mkimbizi anaandika anamtafuta nani, na yeye mwenyewe anapatikana wapi. Programu inayouendesha hatukuitengeneza sisi. Ilitengenezwa na watu wa mbali nisiowajua, na inakuja kama paketi iliyofungwa tayari, kutoka kwenye ghala la paketi ambalo seva yetu inaliamini. Seva yenyewe iko Mbarara, mtaa wa Kakoba, ghorofani juu ya duka la vipuri vya boda boda, ndani ya chumba cha fundi mmoja.

Huyo fundi ni mzee wa Kinyankole. Alitumika jeshini miaka mingi kwenye redio za mawasiliano, na Kiswahili chake ni cha huko huko jeshini, kifupi, kama anaogopa kumaliza betri. Namwita Afande. Ananiita Mama Mutoto. Hatujawahi kuulizana jina jingine.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini programu yetu ina namba ya zamani wakati huko nje kuna mpya zinazong'aa. Aliinua mguu akaweka kiatu chake juu ya kiti, mbele ya uso wangu.

"Hii kiatu iko na mimi tangu jeshi. Soli nabadilisha, uzi nabadilisha. Mguu yangu hapana shituka. Wewe nataka kiatu mpya kila mwezi, utatembea na vidonda."

Nilielewa haraka kuliko nilivyoelewa darasani. Mfumo wetu ni wa aina iliyotulia. Wenye ghala hawatuletei toleo jipya na tabia zake mpya. Kukionekana tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, wanashona kiraka kwenye toleo lile lile tunalolitumia. Namba ya mbele inabaki ya kizee, inasogea ile ndogo ya mkiani tu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha viraka vinaingia. Nilikuwa nakwenda Kakoba mwenyewe kila Alhamisi, mtoto mgongoni, kwa sababu siku moja nilijaribu nikiwa Nakivale, mtandao ukakatika katikati, na programu ikabaki nusu imeshonwa nusu iko uchi. Afande alinikataza kuweka viraka tena nikiwa kambini.

Hizo Alhamisi nilizipenda, sitadanganya. Kambini nimezungukwa na watu mpaka kwenye bomba la kuogea, lakini hakuna anayeniuliza ninafikiri nini. Kakoba, Afande alikuwa ananimiminia bushera, uji wao wa mtama, kwenye kikombe cha bati, anaweka kwenye redio mahubiri ya Kinyankole nisiyoyaelewa, na tunakaa kimya saa mbili, kila mmoja na kioo cha kompyuta yake. Mtoto analala sakafuni juu ya kitenge. Zilikuwa saa zangu nzuri za wiki nzima. Ona maisha.

Tatizo la orodha lilikuwa maswali yake. Iliuliza jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa. Nani ameyauliza hayo kwa mtu aliyekimbia? Wengine walibadilisha jina kwa woga kwenye vizuizi vya barabarani. Wanawake wengi wamejiandikisha kwa jina la mwanamume waliyekutana naye njiani. Mwaka wa kuzaliwa, nusu ya kambi tumezaliwa tarehe moja ya Januari, maana karani alichoka kuuliza. Mtu na mama yake wangeweza kukaa kwenye orodha ile ile mwaka mzima na wasionane.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa kwetu, mfupi, amefunga kilemba cha kanisa. Nilimuuliza jina, akanitazama kama namchokoza.

"Jina nilitupaka mu njia, mwana wangu. Uniulize mayi. Bantu ba kwetu banajuana ku mayi."

Nikamuuliza maji. Akanieleza kisima chake: kiko chini ya mawe mawili meusi, unashuka ngazi tisa, ya saba ilivunjwa na ng'ombe. Alivyomaliza nilikuwa naona kile kisima. Na ni kweli. Huko kwetu, wageni wawili wakikutana wanaulizana kwanza mnachota wapi. Jina unaweza kupewa na yeyote. Kisima unakijua kwa sababu uliteleza pale.

Jioni ile ile nikaongeza swali kwenye fomu: *Mulikuwa munachota mayi fasi gani? Eleza.* Nililiandika vile tunavyosema, fasi kwa maana ya mahali, ili bibi asomewe na asicheke. Ndani ya mwezi mmoja kaka wawili walipatana, mmoja akiwa Nakivale na mwingine Oruchinga, kwa mti uliokuwa umeangukia kisima chao. Mimi nami nikaandika cha kwetu: bomba mbili chini ya mikaratusi ya parokia, ya kushoto imekauka, watoto wanaipiga mawe kwa sababu inalia kama kengele. Nikaweka namba yangu ya simu. Nikasubiri.

Sasa kosa. Lile swali nililiandika ndani ya faili la paketi yenyewe. Nililifungua faili la wenyewe, nikachomeka maneno yangu, nikafunga. Kiraka kilipokuja, paketi ilileta faili lake safi ikaliweka juu ya langu. Swali likapotea. Nikalirudisha, nikinung'unika. Kiraka cha pili kikalifuta tena, na mara hiyo sikugundua mapema. Siku tisa watu walijaza fomu bila kuulizwa maji. Siku tisa. Na yale majibu ya zamani ukurasa haukuyaonyesha, ingawa yalikuwa bado mle ndani yamehifadhiwa. Kama yaya alipita zile siku tisa, aliona orodha ya majina ya watu asiowajua na akaondoka.

Nilikasirika mpaka maziwa yakakauka, mtoto akalia. Nilimkasirikia mtu nisiyemjua, huko aliko, anayeshona viraka na kukanyaga swali langu bila kubisha hodi. Alhamisi iliyofuata, Afande akiwa ameshuka kununua waya, nililirudisha swali, kisha nikaifunga ile paketi. Kuna amri fupi ya kuiambia seva: hii usiiguse, liwe liwalo. Niliiandika, nikabonyeza, nikanyonyesha mtoto. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitamwambia Afande siku nikipata namna ya kulisema.

Baada ya hapo viraka vya vitu vingine viliingia kama kawaida. Halafu Alhamisi moja, chini kabisa ya maandishi, seva ikaandika kwa Kiingereza chake kikavu kwamba paketi moja imebaki nyuma. Maana yake: kiraka cha orodha kimefika, kiko mlangoni, na wewe umekizuia. Niliusoma huo mstari. Mtoto alikuwa na homa siku ile, nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukatokea tena, nikauzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Alhamisi ya tatu Afande aliuliza kutoka kwenye meza yake, hata hakugeuka:

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Afande."

Hakuja kuangalia. Aliniamini, ndiyo maana.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Jirani yangu Mrundi, mama wa watoto sita, akaja na simu yake akicheka. Akasema orodha yenu sasa inachezesha kamari, mnatafuta ndugu ama mnatafuta bahati? Nilichukua ile simu. Kila mtu kwenye orodha, mamia ya watu, majina yao yalikuwepo. Lakini pale penye namba ya simu na pale penye makao palikuwa na maneno yale yale tu, yamerudiwa kutoka juu mpaka chini: bonyeza hapa ushinde. Mtoto aliyepotezana na baba yake, bonyeza hapa ushinde. Bibi wa ngazi tisa, bonyeza hapa ushinde.

Sombe niliiacha pale chini. Nilifika Kakoba jua likiwa kali, na Afande alikuwa ameshazima ukurasa. Mtu akifungua aliona karatasi nyeupe tu. Alikuwa anasoma kitu kwenye kioo, miwani imeshuka puani. Hakunisalimu. Alinionyesha kiti, nikakaa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Hii kufuli, nani aliweka?"

Kabla sijajibu simu yake ikalia. Alikuwa msimamizi wetu wa shirika, kijana wa suruali za kubana ambaye hajawahi kuuliza seva inakula nini. Afande aliiweka mezani tukamsikia wote wawili. Alisema alijua tangu zamani. Alisema ameangalia namba ya programu yetu na ni ya kale, aibu tupu, kila mtu duniani ana toleo jipya, na yote haya ni ukaidi wa huyo mzee na vitu vyake vya zamani. Alisema tung'oe kila kitu leo, tuweke toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe, halafu watafute fundi mwingine, mwenye akili ya kisasa.

Afande alisikiliza yote kama mtu anayesikiliza mvua. Kumwambia ilikuwa rahisi: namba ni ya kizee lakini kiraka kilishonwa, kilifika wiki tatu zilizopita, huyu mama alikifungia nje. Badala yake alinisukumia simu.

Nakiri kwamba nilifikiria. Kunyamaza kungetosha. Yule kijana alikuwa ameshachagua mkosaji, na mkosaji alikuwa mzee mwenye nyumba yake, shamba lake la matoke, nchi yake. Mimi nina mfuko wa nailoni chini ya godoro. Nilifikiria kwa muda wa pumzi mbili au tatu, nikiwa namtazama mtoto anavyotafuna kamba ya kiatu cha Afande.

"Ni mimi niliifunga," nikasema. "Dawa ilikuja nikaikataza. Toleo halina kosa. Mzee hana kosa."

 Kijana akasema niandike ripoti, akakata. Hakunifukuza, sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu hakuna mwingine anayejua kazi hii, na kunifukuza kungemlazimu kuijua yeye.

Tulifanya kazi siku mbili. Nililala kwa mjane mmoja anayepangisha vyumba nyuma ya duka. Afande hakuniambia neno zaidi ya kazi: toa hii, weka hii. Tuliondoa kufuli, tukaing'oa paketi yote, tukaiweka upya safi pamoja na kiraka chake, tukabadilisha kila neno la siri. Majina na simu za watu tulivirudisha kutoka kwenye nakala ya Alhamisi, maana kila Alhamisi, kabla ya viraka, mimi huchukua nakala. Hapo angalau sikuwa mpumbavu. Mwizi aliingia Jumapili. Kila aliyeandika kabla ya Alhamisi, namba yake ilirudi.

Siku ya pili mchana nikamwonyesha Afande fasi nilipokuwa nimechomeka swali. Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mama Mutoto. Iko fasi ya mwenye nyumba."

Akanifungulia folda ambayo sikuwahi kuigusa. Pale unaweka fomu yako, maneno yako, chochote chako, na programu inakichukua, na kiraka kikija hakiingii mle kabisa. Waliotengeneza paketi walikuwa wamelifikiria hilo tangu mwanzo. Imeelezwa kwenye faili la maelezo linalokuja na kila paketi, kurasa mbili, mimi sikulisoma. Hata ningemuuliza tu Afande, ingetosha. Saa mbili kila Alhamisi tulikaa kimya chumba kimoja, na mimi nikaona bora nifunge mlango kwa siri kuliko kufungua mdomo. Ndivyo mtu anavyokuwa akizoea kutoulizwa.

Nikaliweka swali kwenye fasi ya mwenye nyumba. Likasimama.

Kilibaki kitu kimoja. Walioandika kati ya Alhamisi na Jumapili hawakuwa kwenye nakala. Walikuwa kwenye ile orodha chafu tu, na tulikuwa tumeiweka pembeni. Hawakufika ishirini. Nikasema niwasome kwa macho, labda niokoe majina yao niwaite tena.

Wa kumi na moja aliandika Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwanamke, kwa jina nisilolijua, la mume bila shaka. Anatafuta nani: *mudogo wangu*. Mulikuwa munachota mayi fasi gani: *Ku bomba mbili za parokia. Ile ya kushoto inalia. Mudogo wangu aliiogopaka, nilikuwa namushika mukono.*

Simu: bonyeza hapa ushinde. Makao: bonyeza hapa ushinde.

Sikulia pale. Nilimwita Afande, akaja, nikamwekea kidole kwenye mstari. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Hakuuliza ni nani. Alikaa kwenye mashine yake akachimba kwenye kumbukumbu za seva, saa nzima, akitafuta yule mtu aliingilia wapi Jumamosi saa nne. Alichopata ni namba ya mtandao wa simu.

"Hii ni simu tu," akasema. "Inaweza kuwa Kampala. Inaweza kuwa hapa chini, barabara." Akanimiminia bushera. Kikombe kilikaa mpaka kikapoa.

Kwa nini hakunipigia? Namba yangu ilikuwa kwenye orodha, chini ya bomba zile zile. Nimefikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka. Labda aliandika kwanza kabla ya kusoma. Labda mtu alimwandikia, akamwambia arudi Jumatatu. Labda alirudi Jumatatu akakuta kamari, au Jumanne akakuta karatasi nyeupe, akasema na hawa nao ni matapeli. Yuko hai, hilo ninalo. Jumamosi ile saa nne asubuhi alikuwa hai na alikuwa anakumbuka kwamba naogopa ile bomba. Kinachonivuruga zaidi si mwizi. Mwizi hajui hata kwamba tupo. Ni ule mstari mmoja wa Kiingereza, niliousoma mara tatu.

Juu ya orodha, sasa, nimeweka tangazo. *Mwenye aliandika Siku ya Posho juu ya bomba ya kushoto, uandike tena. Mudogo wako iko hapa.* Siku ya Posho ni Jumamosi, kwetu tunaiita hivyo. Msimamizi aliniuliza hilo ni tangazo la nani. Nikamwambia ni la kazi. Jirani yangu Mrundi analiona kila anapofungua, hajanitania tena, na sijui kama ameelewa.

Alhamisi bado nakwenda. Mtoto anatembea sasa akishika meza, na Afande amehamisha waya zote juu ya dirisha. Naingia, nachukua nakala, naita viraka, halafu naangalia mstari wa mwisho kabla sijagusa kitu kingine. Paketi zilizobaki nyuma: sifuri. Namwambia Afande ni sifuri bila kusubiri aulize, naye siku hizi anakuja kuangalia, anasimama nyuma ya kiti changu, anasoma mwenyewe. Ana haki.

Ndipo nafungua orodha. Zamani nilikuwa naanza na orodha. Wiki hii kuna visima sita vipya, kimoja kina nyuki, kimoja kilimeza ndoo ya padri. Nimevisoma vyote. Chetu hakimo.